Mrejesho: bluberi zenye majani ya njano
Wakuu, niliuliza kwa nini majani ya bluberi zangu yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Asanteni sana mliosema nipime udongo kwanza. pH (kipimo cha tindikali, namba ikiwa ndogo tindikali ni nyingi) ilikuwa karibu na 7, na mmea huu unataka kati ya 4.5 na 5.5, ikizidi hapo mizizi hupata shida kufyonza chuma hata kikiwa tele ardhini. Nimechanganya salfa, ambayo bakteria huigeuza tindikali polepole, na majani mapya yanatoka kijani kabisa. Nimefurahi mno! Kumbe mtaalamu wa mimea Frederick Coville wa Marekani alishaeleza hitaji hili la tindikali mwaka 1910, kabla hajashirikiana na mkulima Elizabeth White kuzalisha aina bora huko New Jersey. Mbolea sasa natumia salfeti ya amonia, ambayo nayo huongeza tindikali kwenye udongo, na mbolea za naitreti nimeacha.