Mrejesho: programu ya zamani imefunguka kwenye kompyuta mpya

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini programu yangu ya hesabu, ya mwaka 1996, inagoma kwenye kompyuta mpya: nikibofya mara mbili kinatokea kidirisha kinachosema haiwezi kuendeshwa humu.

Wengi mlinishauri nibadilishe hali ya upatanifu (mpangilio unaoifanya Windows mpya ijifanye ya zamani mbele ya programu) iwe Windows XP. Nilijaribu, nikaifungua hadi kama msimamizi, wapi!

Aliyeuliza kama ni programu ya biti 16, yaani aina ya zamani ya enzi za Windows za mwanzo, ndiye aliyelenga penyewe. Windows ya biti 64, kama iliyomo kwenye kompyuta yangu mpya, haina kabisa sehemu ya kuendesha programu za biti 16, kwa hiyo hali ya upatanifu isingefua dafu hata ningekesha nayo. Nikaweka VirtualBox (programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), ndani yake Windows XP ya biti 32, ambayo bado inaendesha za biti 16, kisha nikanakili folda nzima ya programu. Ikafunguka papo hapo, na rekodi zote zimo, hata za miaka ya mwanzo nilizodhani zimepotea. Nilifurahi mno.

Printa bado haionekani humo ndani. Kwa sasa natoa faili nachapisha nje.

Asanteni sana, hasa wewe uliyenikataza kufuta diski ya zamani kabla ya kunakili data.