Mjadala: Sadaka ya kuwasomesha wenyeji wa asili ndiyo iliyojenga Dartmouth. Deni limelipwa?

Mleta mada: Wakuu, juzi nimebishana na shemeji yangu hadi chai ikapoa. Yeye anasema vyuo vikongwe vya Marekani vilianzishwa na wachungaji, kwa hiyo mzizi wake ni wema. Nikamtajia Dartmouth, kule Hanover, New Hampshire, kwenye ardhi ya Waabenaki, kabila la wenyeji wa asili.

Mchungaji Eleazar Wheelock alikuwa na shule Connecticut ya kuwafundisha Biblia na kilimo vijana wa wenyeji wa asili. Kabla hata ya shule hiyo alikuwa amemfundisha Samson Occom, mwenyeji wa kabila la Wamohegan, naye akawa mchungaji. Mwishoni mwa 1765 Wheelock akamtuma Uingereza na Scotland kuchangisha fedha za shule hiyo. Zaidi ya miaka miwili, mahubiri zaidi ya 300, pauni zaidi ya 11,000, na Mfalme George III mwenyewe alitoa 200. Watu hawakuguswa na Wheelock, hawakumwona. Walimwona Occom mimbarani.

Aliporudi 1768 akaikuta familia yake katika dhiki, ilhali aliahidiwa kwamba itatunzwa. Mwaka uliofuata Wheelock akapata hati ya kifalme ya kuanzisha chuo cha Dartmouth, na fedha zile zikaelekezwa huko. Hati inawataja kwanza vijana wa makabila ya wenyeji, ndipo Waingereza. Kilichotokea ni kinyume: katika miaka 200 ya mwanzo, wenyeji waliohitimu hawakufika hata 20!

Occom hakunyamaza. Mwaka 1771 alimwandikia Wheelock akicheza na Kilatini. Chuo huitwa *alma mater*, mama mlezi. Yeye akahofia kitakuwa *alba mater*, mama mweupe mno asiyeweza kuwanyonyesha watoto wa wenyeji. Nilicheka, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Mwaka 1970 rais wa chuo, John Kemeny, aliahidi kuirudia ile nia ya mwanzo. Mwaka 2022 chuo kikawarudishia Wamohegan barua na karatasi za Occom. Inatosha?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unamhukumu mtu wa karne ya 18 kwa macho ya leo. Waoneida, kabila jingine la wenyeji, waliwaondoa watoto wao kwenye shule ya Wheelock mapema 1769. Shule imebaki tupu, fedha zipo. Ulitaka azifukie?

Mleta mada: Wamewaondoa kwa nini? Jiulize kwanza. Wazazi walilalamika kwamba watoto waliopelekwa kusoma wanatumikishwa shambani. Na si macho ya leo, ndugu yangu. Waliozitunza fedha hizo Uingereza, Lord Dartmouth akiwemo, ndiye huyo chuo kilipewa jina lake, hawakupendezwa kuona mchango wa shule unageuzwa kuwa wa chuo. Hao ni watu wa karne hiyohiyo.

Mchangiaji wa pili: Ndiyo maana nasema dini ilikuwa chambo tu. Wheelock huyohuyo alimiliki watumwa.

Mchangiaji wa tatu: Hapo nakataa. Occom hakuiacha Injili. Aliendelea kuhubiri, akasaidia kuanzisha Brothertown, New York, makazi ya wenyeji Wakristo, hadi alipofariki 1792. Ukisema dini ilikuwa chambo, unamfanya Occom samaki mjinga, naye hakuwa mjinga. Aligombana na Wheelock kwa sababu aliamini kile walichokihubiri pamoja.

Mchangiaji wa kwanza: Sawa, lakini nia ya Wheelock huijui.

Mleta mada: Siihitaji. Ukichangisha rambirambi za msiba wa jirani kisha ukaezekea bati nyumba yako, hakuna mtu mtaani atakayekuuliza nia. Watauliza hela ziko wapi. Kwangu mimi, kijana wa Kimohegan au Kiabenaki akikubaliwa pale asidaiwe ada hata senti. Shemeji anasema nitakifilisi chuo. Chuo chenye akiba ya mabilioni ya dola?