Skuta za umeme zimetupora njia ya baiskeli Berlin, na ukivunjika hakuna wa kumshika

Wakuu, salaam. Naandika kwa mkono wa kushoto peke yake, makosa ya herufi mtanisamehe. Wa kulia umefungwa hogo wiki ya tatu sasa.

Kwa mlioko nyumbani msionijua: niko Berlin mwaka wa sita, nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya alfajiri inaanza saa kumi na mbili kamili. Naenda kwa baiskeli. Si ya mbwembwe, ni chuma cha mtumba chenye kapu mbele na madigadi yanayogonga, lakini imenivusha theluji na mvua bila kunidai nauli.

Sasa picha linaanza. Novemba, saa kumi na moja unusu, giza totoro, mvua ya rasharasha, majani ya miti yamelowa na kuganda chini kama mkeka. Napita njia ya baiskeli ya pembeni ya bustani ya Hasenheide. Taa yangu inawaka, kofia ngumu nimevaa, nayasema hayo mapema kwa sababu nawajua mtakavyoanza kuuliza. Nikaona kitu cheusi kimelala chini, nikadhani ni kivuli cha mti. Kumbe skuta ya kukodi, vile vidude vya umeme vya kusimama juu yake, unavyofungua kwa programu ya simu, imelazwa kukatisha njia nzima, usukani upande wa ukuta na magurudumu upande wa barabara. Ikishazimwa na mteja haina hata taa ya kuonyesha kwamba ipo. Gurudumu la mbele likaingia kati ya ubao wa kusimamia na ule mlingoti wake, mimi nikaendelea na safari bila baiskeli.

Nilitua kwa kiganja. Nikaamka, nikajipangusa, nikaenda kazini nikisukuma baiskeli iliyokuwa ikilia kwii kwii kila mzunguko. Nikawahudumia wazee wanne kabla mkono haujagoma kabisa kushika kikombe. Hospitali picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, siku kumi baadaye, ikaonyesha: kuna kamfupa kadogo kapo chini ya kidole gumba, kamepasuka. Daktari anasema haka kamfupa damu hukafikia kwa shida, ndiyo maana kanachelewa kuunga.

Kuanguka si kilichonileta hapa. Bongo nimeshaanguka na bodaboda mara mbili, sikuwahi kufungua uzi. Kilichonileta ni yaliyofuata.

Nilikuwa nimepiga picha ile skuta pamoja na stika yake ya bima iliyoko nyuma, ile yenye herufi na namba. Nikaiandikia kampuni. Jibu limekuja baada ya siku tisa, limeandikwa kwa adabu mpaka linakera: mteja wa mwisho alimaliza safari saa nne usiku, alituma picha kama programu inavyodai, na kwenye picha chombo kimesimama wima pembeni, hakizibi njia. Kwa hiyo baada ya hapo chochote kilichotokea hakiwahusu. Upepo, mlevi, mbwa, jini, mimi nikatafute mwenyewe. Nikaandika kwa bima yao. Wakanijibu nithibitishe ni nani aliyeiangusha. Saa kumi na moja alfajiri! Nithibitishe kwa nini, kwa ramli?

Mwenzangu mmoja wa kazini ambaye mumewe anasoma sheria akanifafanulia, hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambazo hazijashuka mpaka leo. Ujerumani, gari likikuumiza, mwenye gari anawajibika hata kama hakukosea, kwa sababu tu chombo chake ni cha hatari. Lakini sheria hiyohiyo inavisamehe vyombo visivyoweza kupita kilomita 20 kwa saa. Msamaha huo ni wa enzi za mitambo ya mwendo wa kobe, trekta na jamaa zake. Skuta zilipoingia zikawekewa kikomo cha kilomita ngapi? 20. Kwa hiyo zikateleza ndani ya msamaha wa trekta, na mzigo wa kuthibitisha kosa ukabaki kwa aliyevunjika mkono.

Matibabu nalipiwa, kwa kuwa nilikuwa njiani kwenda kazini na bima ya ajali za kazini inahesabu hilo. Nashukuru. Lakini bima hiyo hailipi baiskeli, wala hailipi maumivu.

Na hata zikiwa zinatembea ni balaa. Sheria ya skuta hapa ilianza tarehe 15 Juni 2019. Rasimu ya mwanzo ilitaka zile za polepole, za kilomita 12 kwa saa, zipite kwenye njia za waenda kwa miguu. Watu wakaja juu, wazee, wasioona, wenye watoto, na walikuwa na haki. Zikaondolewa huko. Zikapelekwa wapi? Kwetu! Palipo na njia ya baiskeli, skuta lazima ipite humo. Njia haikuongezwa hata sentimita moja. Nyingi za Berlin ni zile za zamani za matofali mekundu, ziko juu pamoja na watembea kwa miguu, mizizi ya miti imeyainua matofali, na upana wake baiskeli mbili zikipishana mnasalimiana kwa viwiko. Humo sasa tumo mimi na kapu langu, baiskeli za umeme zinazosukuma mpaka kilomita 25, mama na toroli la watoto watatu, na kijana kwenye skuta na mpenzi wake nyuma, kinyume na sheria, tena wanakuja upande usio wao.

Aliyewahi kupanda kile kidude anajua. Gurudumu lake ni kama sahani ya chai, tundu ambalo tairi langu la inchi 28 linalivuka kwa mtikisiko tu, lile linazama. Na ukitaka kuonyesha kwa mkono kwamba unakata kushoto, ukiachia upande mmoja tu usukani unaanza kucheza sindimba. Kwa hiyo hawaonyeshi. Wanakata tu. Tena kimya. Bodaboda pamoja na maudhi yake yote unaisikia tangu mtaa wa pili, unajikunyata ukutani mapema.

Takwimu za serikali zipo: mwaka 2020 ajali za skuta zilizojeruhi au kuua watu zilikuwa 2,155 nchi nzima, vifo 5. Mwaka 2024 zimepita 11,900, vifo 27. Najua kuna mtaalamu atakuja kuniambia waendesha baiskeli waliokufa mwaka huohuo ni zaidi ya 400. Ni kweli, na baiskeli ni nyingi mno kuliko skuta. Lakini hoja yangu si nani anakufa zaidi, mkuu. Kuna mtu alitubana wote kwenye ukanda mmoja mwembamba kisha akanawa mikono.

Paris waliwauliza wananchi, Aprili 2023. Karibu asilimia 89 ya waliopiga kura walisema za kukodi ziondoke, na mwisho wa Agosti zikaondoka. Nakubali waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia 8, hilo nalo ni la kujiuliza. Mimi sitaki hata zifutwe. Binti wa jirani yangu anaendesha ya kwake mwenyewe, ana kengele, ana adabu, anaiingiza ndani usiku. Nataka za kukodi ziegeshwe sehemu maalumu zilizochorwa, basi, siyo popote betri ilipomchosha mtu. Na mwenye chombo awajibike kwa chombo chake kama mwenye gari.

Wa "si urudi Bongo" nawaona mnavyoandika, endeleeni.

Jana nimeiona. Stika ileile. Imesimama nje ya duka la mikate inasubiri mteja, haina hata mkwaruzo.

Sasa naomba msaada kwa walioko huku: kuna aliyewahi kulipwa chochote na bima ya skuta? Ulitumia mwanasheria au uliandika mwenyewe? Na mwenye gurudumu la mbele la inchi 28, la mtumba, lisilopinda, anicheki PM. Nalifuata popote penye treni.