Mswaki wa umeme: siki, peroksaidi, maji ya moto au taa ya UV?

mkaazi_southb:
Wadau, tulinganishe njia za kusafisha mswaki wa umeme. Ule weusi unaojikusanya pale kichwa kinapokutana na mpini hautoki kwa kusuuza tu. Kuna wanaotetea siki, wengine peroksaidi (ya hidrojeni) ya kemisti, wengine maji yanayochemka, na madukani kuna visanduku vya taa ya UV, yaani mwanga wa urujuanimno wa kuua vijidudu. Ipi inafaa nyumba ambayo watu wanne wanatumia mpini mmoja, kila mtu na kichwa chake?

kinywa_na_fizi:
Kabla ya dawa, angalia uchafu unatoka wapi. Kichwa kina uwazi ndani. Mate, povu la dawa ya meno na maji huteremka kwenye uwazi huo kufuata kile kijiti cha chuma, na kichwa kikiachwa kimechomekwa, hapo hapakauki kamwe. Bakteria na kuvu hujenga utando unaoteleza, na utando huo huzuia dawa isipenye. Ndiyo maana mtu huloweka usiku kucha na weusi ukabaki: lazima usuguliwe kwanza.

Kila ukimaliza kupiga mswaki, uwashe chini ya bomba sekunde kumi hivi, uzime, chomoa kichwa, pitisha maji ndani yake, kikung'ute. Pangusa kijiti na mpira unaokizunguka, kisha simamisha kichwa na mpini kila kimoja peke yake. Kifuniko kisirudishwe kikiwa na unyevu. Bafu nyingi za fleti hazina dirisha, na mwezi wa Julai hewa ni baridi na nzito, kwa hiyo vichwa vikae nje ya bafu.

Bomba likiwa kavu siku ya mgao, zungusha kichwa ndani ya kikombe cha maji safi, mwaga, rudia na maji mapya.

mkemia_wa_mtaa:
Naunga mkono. Kwa dawa, mimi naweka peroksaidi mbele, ila soma chupa. Iliyoandikwa "10 volume" ni asilimia 3, hiyo itumie ilivyo. "20 volume" ni asilimia 6, ichanganye na maji kiasi sawa. Mimina kwenye glasi ndogo ifunike kichwa chote, dakika 15, kisha suuza vizuri. Mara moja kwa wiki inatosha kabisa. Usiirudishe chupani, maana ikishatumika nguvu yake imepungua.

Siki nyeupe kazi yake ni nyingine. Inayeyusha chokaa, kwa hiyo inawafaa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama Syokimau na Kitengela, ambako mabaki meupe huganda kwenye nyuzi. Nusu siki nusu maji, nusu saa. Kwa kuua vijidudu haifikii peroksaidi.

fundi_umeme_ngara:
Maji yanayochemka achaneni nayo. Nyuzi ni nailoni: zikilainika zinapinda na hazirudi, na plastiki inayoshika kijiti inalegea, kichwa kinaanza kugonga. Maikrowevu ndiyo hatari zaidi kwa sababu ndani ya vichwa vingi mna chuma.

UV? Mwanga unaua pale unapogusa. Ndani ya uwazi, ambako ndiko kwenye shida, ni giza. Halafu kisanduku chenyewe kikifungwa na kichwa kibichi ndani kinatunza unyevu. Hizo pesa nunua vichwa vipya: badilisha kila miezi mitatu au minne, au mapema nyuzi zikitawanyika.

Mpini usizamishwe wala kulowekwa. Weusi kuzunguka kijiti utoe kwa kijiti cha pamba cha masikio kilicholowa kidogo, si kwa sindano: ukitoboa ule mpira, maji yanafika kwenye mota na betri.

mkaazi_southb:
Asanteni. Na Jik je? Au maji ya kusukutulia?

mkemia_wa_mtaa:
Jik inaua vizuri lakini inakula chuma cha ndani, na harufu yake haitoki upesi. Usiikutanishe na siki hata kwa bahati mbaya, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Maji ya kusukutulia yenye klorheksidini asilimia 0.2 yanafanya kazi, ila yanaweza kuacha rangi ya kahawia kwenye nyuzi.

kinywa_na_fizi:
Kwa watu wanne: vichwa vingi huja na pete za rangi tofauti chini, kila mtu ashike yake. Visigusane vikikauka na kila kimoja kilowekwe kwenye glasi yake, kwa sababu damu ya fizi hubaki kwenye nyuzi. Mpini upanguswe kabla ya mwingine kuushika.

fundi_umeme_ngara:
Na kituo cha kuchajia kisisahaulike, maji machafu ya mpini huishia kwenye kile kishimo. Chomoa kwenye soketi kwanza, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kikauke kabisa ndipo ukirudishe kwenye umeme.