Nyuzi 1.1 juu ya wastani: ni mwezi au ni kituo changu?

Wingu_Zito

Wakuu, nimefunga hesabu ya mwezi uliopita na nataka kuilinganisha na wastani wa miaka mingi kabla sijaiweka kwenye kumbukumbu.

Kituo changu ni cha kidijitali. Kihisi joto kiko mita 1.5 juu ya nyasi, ndani ya kinga ya visahani vya plastiki. Kipimamvua ni cha kijiko kinachopinduka, 0.2 mm kwa kila pindu, mdomo wake uko mita 1 kutoka ardhini. Kionyeshi kinaanza siku mpya saa sita usiku. Kituo rasmi cha karibu ni cha uwanja wa ndege, umbali wa kilomita 14, nacho kiko chini yangu kwa mita 180.

Vipimo vya kwangu: joto la juu kwa wastani 31.9, la chini 19.0. Kionyeshi kinasema wastani wa mwezi ni 24.6, lakini nikijumlisha juu na chini na kugawa kwa mbili napata 25.45. Mvua 61.8 mm. Betri iliisha tarehe 17 hadi 19, siku hizo tatu hazipo kabisa.

Uwanja wa ndege, wastani wa 1991–2020: juu 29.6, chini 19.2 (kwa hiyo 24.4), mvua 92.0 mm. Nina pia jedwali la 1961–1990 ambalo wastani wake wa joto ni 23.7.

Je, ni sawa kuandika kwamba mwezi ulizidi kawaida kwa nyuzi 1.1 na kwamba mvua ilikuwa asilimia 67 ya kawaida? Na kati ya wastani hizo mbili nishike ipi?

Kaskazi

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ni jepesi. Kwa kusema mwezi ulikuwaje ukilinganisha na hali ya sasa, tumia 1991–2020. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) liliamua mwaka 2015 kwamba wastani wa kawaida uwe wa miaka 30 inayoishia kwenye mwaka wenye sifuri mwishoni, na usogezwe kila baada ya miaka 10. Ile 1961–1990 haikutupwa. Imebakizwa kama kipimo cha kudumu cha kuangalia mabadiliko ya muda mrefu. Unaweza kutoa zote mbili, ila usiandike "juu ya wastani" bila kutaja miaka, maana kwenye data yako msingi pekee unahamisha jibu kwa nyuzi 0.7.

Kuhusu 24.6 na 25.45: zote ni sahihi, ila ni vitu viwili tofauti. Ya kionyeshi ni wastani wa vipimo vya saa zote 24. Ya pili ni nusu ya jumla ya juu na chini. Joto halipandi na kushuka kwa ulinganifu, usiku ni mrefu na tulivu wakati kilele cha mchana ni kifupi, ndiyo maana njia ya pili mara nyingi hutoka juu zaidi. Fuata njia iliyotumika kutengeneza huo wastani wa miaka 30. Kwa kuwa 24.4 ni nusu kamili ya 29.6 na 19.2, hapa wewe tumia 25.45. Ukiweka 24.6 dhidi ya 24.4 utadhani mwezi ulikuwa wa kawaida tu, na hilo litakuwa kosa la hesabu, si la hewa.

Nyuzi_na_Nusu

Mkuu, usiandike hiyo 1.1 bado. Kuna jambo kwenye namba zako halikai sawa.

Wewe uko juu ya uwanja wa ndege kwa mita 180. Joto hupungua takriban nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo kwako panatakiwa kuwa na baridi kuliko kule kwa nyuzi 1.2 hivi. Kawaida ya kwako ingekaribia 28.4 mchana na 18.0 usiku. Ukilinganisha hivyo, mchana wako umezidi kwa 3.5 na usiku kwa 1.0. Mwezi mzima kuzidi kwa 3.5 mchana peke yake ni jambo zito sana, na kabla ya kulishtaki anga nalishtaki kasha la kihisi.

Tafuta data ya uwanja wa ndege ya mwezi huohuo, siyo wastani wake. Halafu linganisha juu na juu, chini na chini. Ukichanganya juu na chini mapema, kosa la mchana linajificha nyuma ya usiku ulio safi.

Wingu_Zito

Nimeipata. Mwezi uliopita uwanja wa ndege ulikuwa na 30.4 juu na 19.9 chini. Mvua 88.6 mm.

Nyuzi_na_Nusu

Basi picha imekaa wazi. Usiku wewe uko chini yao kwa 0.9, karibu kabisa na ile 1.2 inayotarajiwa kwa mwinuko. (Usiku usiidai kanuni hiyo kwa ukali: hewa baridi huteremka na kutuama bondeni, na kituo cha juu kinaweza kuwa na joto kuliko cha chini.) Mchana, badala ya kuwa chini yao kwa 1.2, uko juu kwa 1.5. Tofauti ya 2.7, na ni ya mchana tu. Kihisi kibovu kingekosea usiku pia. Kinachokosea mchana peke yake ni jua.

Hizo kinga za visahani hupitisha hewa kwa kutegemea upepo. Upepo ukianguka chini ya mita 1 kwa sekunde, plastiki inapata moto na hewa iliyo ndani inapata moto nayo. Plastiki ikishapigwa na jua muda mrefu hubadilika rangi, vumbi linashika, na inakunywa mwanga iliyotakiwa kuurudisha. Ukuta au sakafu ya saruji iliyo karibu inaongeza mionzi kutokea chini.

Hakikisha hivi: gawa siku za mwezi katika mafungu mawili. La kwanza, siku za mawingu mazito au upepo wa kutosha. La pili, siku za jua kali na utulivu. Kwa kila fungu toa joto la juu la uwanja wa ndege kutoka kwa lako, kisha tafuta wastani wa tofauti. Kama kosa ni la kinga, fungu la kwanza litatoka karibu na hasi 1 na la pili litaruka juu.

Na kihisi chenyewe kipime. Ponda barafu ya maji safi, ijaze kwenye chupa ya kutunza joto, ongeza maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga, subiri dakika 15. Zamisha kihisi kikiwa ndani ya mfuko mwembamba usiopitisha maji. Kinatakiwa kusoma 0.0, au kisizidi 0.3 upande wowote. Barafu ikielea juu ya maji mengi, chini joto linapanda na jaribio limeharibika.

Milimita

Nami nina la mvua, na hapa naona makosa matatu yamerundikana kwenye hiyo 61.8.

La kwanza ni saa. Vituo vingi vya kusomwa kwa mkono hupima mvua saa tatu asubuhi, na kiasi kilichokutwa huandikwa kwenye siku iliyotangulia. Kwa hiyo mvua iliyosomwa asubuhi ya tarehe 1 ni ya mwezi uliokwisha. Angalia jedwali la kituo chako rasmi linafuata utaratibu gani, kisha uangalie kama kwako kulinyesha usiku wa kuamkia tarehe 1. Kumbuka na upande wa pili: iliyoanguka tarehe 1 ya mwezi wenyewe kabla ya saa tatu inatoka.

La pili ni siku tatu zilizopotea. Kwa joto, mwongozo wa WMO unavumilia: wastani wa mwezi unafutwa zikikosekana siku 11 au zaidi, au siku 5 mfululizo. Siku tatu haziui kitu. Kwa mvua hakuna uvumilivu wa namna hiyo, kwa sababu ni jumla. Siku isiyopimwa siyo siku ya sifuri. Jumla ya mwezi inakubalika tu kama siku zote zipo, au kama kuna kipimo kilichokusanya mvua ya siku zote zilizokosekana kwa pamoja. Ndiyo maana nasisitiza kila mwenye kijiko kinachopinduka awe na kipimamvua cha kawaida cha faneli na chupa pembeni. Betri ikifa, chupa inaendelea kujaa, na ukiisoma tarehe 20 unapata jumla ya siku tatu hata kama hujui mgawanyo wake.

La tatu ni kijiko. Wakati kinapinduka, maji yanaendelea kumiminika bila kuhesabiwa, na mvua inapokuwa kubwa hasara inaongezeka. Pima kwa maji. Faneli ya kipenyo cha sentimita 20 ina eneo la sentimita za mraba 314, hivyo mililita 314 ni sawa na mm 10, na kijiko chako kinatakiwa kupinduka mara 50. Toboa tundu dogo kwenye chupa, maji yatoke polepole kwa nusu saa nzima, usiyamwage kwa mkupuo. Ukipata pindu 48 hadi 52, endelea. Ukipata 45, unapoteza asilimia 10 hata kwa kasi hiyo ya maji: safisha utando wa buibui na matope, sawazisha kitako kwa pima maji, rudia jaribio, ndipo uguse skrubu za kurekebishia.

Kipimamvua chako kiko umbali gani kutoka ukutani?

Wingu_Zito

Mita 2, na ukuta una urefu wa mita 3.

Nimefanya kazi mliyonipa. Siku za mawingu au upepo zilikuwa 8, tofauti ya joto la juu ni hasi 0.9. Siku za jua na utulivu zilikuwa 11, tofauti ni chanya 2.9. Barafu imesoma 0.1.

Mvua: jedwali rasmi linafuata saa tatu asubuhi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 ya mwezi huu, kuanzia saa nane hadi kumi na mbili asubuhi, nilipata 14.2 mm. Mwanzoni mwa mwezi hakukuwa na kitu cha kutoa. Kwa hiyo 76.0 mm. Uwanja wa ndege tarehe 17 na 18 hawakupata mvua, tarehe 19 walipata 6.4.

Maji: pindu 49.

Nimepata pia miaka yote 30 ya mvua ya mwezi huo ya uwanja wa ndege. Mediani (thamani ya katikati zikipangwa kwa ukubwa) ni 81.3. Nikizipanga kutoka mwaka mkavu, wa 10 ni 62.4 na wa 11 ni 64.0.

Milimita

Kijiko ni kizima, hakina kasoro. Ukuta ndio tatizo. Kizuizi kiwe mbali angalau mara mbili ya urefu wake kutokea mdomo wa kipimamvua: 3 toa 1 ni mita 2, mara mbili ni mita 4, na mara nne ni bora zaidi. Mita 2 haitoshi. Mvua ikija na upepo kutoka upande huo, ukuta unaikinga.

Usijaze tarehe 19 kwa 6.4 ya uwanja wa ndege. Mvua ya ngurumo inaweza kulowesha mtaa mmoja na kuuruka wa pili. Andika "angalau 76.0, siku 3 hazipo".

Kaskazi

Sasa angalia kilichofanywa na hiyo 14.2. Miaka 30 ikigawanywa mafungu matatu ya miaka 10, mpaka wa fungu la chini unapita katikati ya 62.4 na 64.0, yaani 63.2. Kwa 61.8 ungetangaza mwezi wa fungu la chini, yaani mkavu kuliko kawaida. Kwa 76.0 uko fungu la kati. Mvua ya saa nne za usiku imebadilisha jina la mwezi mzima, na ilikuwa kwenye kifaa chako muda wote.

Asilimia ningeiacha kwa mvua. Mwezi wa kiangazi wenye kawaida ya mm 4 ukipata 12 unaitwa asilimia 300, na hakuna aliyelowa. Tena wastani wa mvua huvutwa juu na miaka michache ya mafuriko, ndiyo maana wako ni 92.0 na mediani 81.3. Nafasi katika miaka 30 inaeleza zaidi.

Kwa joto tumia uwanja wa ndege: 25.15 dhidi ya 24.4, yaani 0.75 juu. Kisha tafuta mkengeuko sanifu (kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake) wa wastani 30 za mwezi huo, mmoja kwa kila mwaka. Wengi wanachukua wa siku moja moja, ambao ni mkubwa zaidi, na kila mwezi unaonekana wa kawaida. Ukitoka 0.5, mwezi umezidi kwa mkengeuko 1.5, na hiyo ni habari ya kuandikwa.

Wingu_Zito

Ni 0.5 kamili. Je, joto langu la mchana nilirekebishe kwa kutoa 2.7?

Nyuzi_na_Nusu

Hapana. Kosa la jua halilingani siku hadi siku, umeliona mwenyewe: siku za mawingu halipo. Ukitoa 2.7 kila siku unaziharibu zile 8 zilizokuwa nzima. Acha data ghafi ilivyo, weka alama ya shaka kwenye safu ya joto la juu, na tarehe utakayobadilisha kinga iandike.

Badili kwa kisanduku cha Stevenson, kile cha mbao nyeupe chenye kuta za kupitisha hewa, au kinga yenye feni. Kisha anza upya kulinganisha: kila mwezi, tofauti kati yako na uwanja wa ndege, juu peke yake na chini peke yake, kwa angalau mwaka mzima ili kila mwezi upate tofauti yake. Tofauti hiyo ukiijumlisha na wastani wao wa 1991–2020, unapata makadirio ya wastani wa kwako. Kwa mvua tumia uwiano badala ya tofauti, kwa msimu na siyo kwa mwezi, na subiri miaka kadhaa kabla ya kuuamini.

Wingu_Zito

Basi naandika hivi: "Joto la chini 19.0, nyuzi 0.9 chini ya uwanja wa ndege mwezi huohuo. Joto la juu 31.9, lina shaka, kinga ya jua. Mvua angalau 76.0 mm, saa tatu hadi saa tatu, siku 3 hazipo, ukuta karibu. Uwanja wa ndege: joto 0.75 juu ya wastani, mvua 88.6 mm."

Kaskazi

Ongeza "1991–2020" baada ya neno wastani. Mengine yaache hivyo.