Mrejesho: mota za stepa za mashine ya kuchonga mbao, Bukavu

Ndugu zangu, niliuliza kama mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) za saizi ya NEMA 17 zinatosha kwa CNC ndogo (mashine inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga mbao, ama nitafute NEMA 23, zilizo kubwa zaidi. Asanteni wote mliojibu.

Nilifuata shauri la yule aliyesema nisikimbilie kununua mota, nibadilishe kwanza umeme kutoka volti 12 hadi 24. Ni kweli kabisa. Mota zilezile zilizokuwa zinaruka hatua zikienda mbio, sasa zinavuta X na Y (kushoto-kulia na mbele-nyuma) bila shida, na mistari ya herufi za kibao cha mlangoni imekutana sawasawa. Draiva zangu (vibao vya umeme vinavyoendesha mota) ni A4988, zinavumilia hadi volti 35. Nimezipunguzia mkondo hadi ampea 1 na kuzipigia feni, maana zilichemka hata kidole hakikai.

Z (juu-chini) ndiyo imegoma. Umeme ukikatika (na Bukavu mnaijua) spindo (mota inayozungusha kisu) inashuka yenyewe na kuacha shimo kwenye mbao. Mzee mmoja alishauri NEMA 23. Nimeazima moja, bado inashuka, kwani bila umeme mota haishiki sana. Kumbe skrubu yangu ya kupandisha na kushusha Z inaisogeza milimita 8 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo uzito wa spindo unaizungusha kirahisi. Nimeagiza ya milimita 2. Itaenda polepole, lakini itajishika.