Naomba ushauri: kupata maneno marefu ya Kiingereza yenye Q na X

Habari zenu wanakikundi. Nafundisha vijana wa sekondari kucheza Scrabble (mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi) na hapa nimekwama kabisa.

Nawaandalia orodha ya maneno yenye Q na X kwa pamoja, kuanzia herufi nane. Nane kwa sababu mchezaji ana herufi saba mkononi, akizimaliza zote kwa kuegemea moja ya ubaoni anapata pointi 50 za ziada. Q peke yake ni 10, X ni 8, kwa hiyo si neno la kuliacha.

Kamusi ya karatasi imenichosha, maana imepangwa kialfabeti kuanzia herufi ya kwanza. Nikaweka maneno kwenye Excel, nikachuja kwa *x*q* (nyota inasimama kwa herufi zozote). Ikaniletea "exquisite" na "exchequer", lakini "quixotic" haimo, kwa sababu Q imetangulia. Nikigeuza *q*x* napata hiyo pamoja na "equinox", yenye herufi saba tu.

Naomba kujua: nichuje vipi mara moja, bila kujali herufi ipi imetangulia, na mafupi yaondoke? Na kwa simu isiyo na bando, mnatumia njia gani?

Natanguliza shukrani.